Mwaka wa Mashine Iliyopiga Mluzi

Jioni ya mwisho ya matanga ya Fundi Ouma, pale mtaa wa Ayany, kijana mmoja wa kanisa alisogeza maikrofoni karibu mno na spika, na spika ikalia ule mluzi mrefu unaochoma masikio. Watu walikunja nyuso, wengine wakacheka, kijana akaomba radhi. Waliosimama ni wanawake wawili tu. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine, upande wa pili wa hema, alikuwa Zubeda, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi, na nilimtambua kwa kule kusimama kwake kabla sijautambua uso. Tulitazamana juu ya vichwa vya watu waliokaa. Kisha kila mmoja akajifanya anarekebisha leso yake, akaketi.

Baadaye alikuja kukaa nami, akiwa na chai yake ya rangi na mandazi. Sasa ana wajukuu. Aliniuliza kama bado naogopa umeme, nikamwambia naogopa umeme, mvua, mbwa, uchaguzi, na simu inayolia kabla ya alfajiri. Akacheka mpaka watu wa matanga wakatugeukia. Mimi ni mwoga na sijawahi kuficha. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kicheko changu nimekila hadi nywele zikawa nyeupe. Lakini usiku ule, baada ya kurudi kwangu Kawangware, niliona kwamba Fundi akishazikwa kwao ziwani tutabaki wachache tunaojua kilichotokea chumbani mwangu mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi na wa ile mvua kubwa. Wengine huusimulia mwaka ule kwa majina ya wanasiasa. Mimi naukumbuka kwa mashine iliyokuwa imewekwa karibu na kitanda changu, na kwa hofu niliyolala nayo kama mtu anavyolala na mtoto mgonjwa.

Nilimjua Fundi Ouma hapa hapa Kawangware, alikokuwa akiishi na mkewe, Mama Atieno, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Nilikuwa nimemaliza kujifunza ushonaji lakini sikuwa na cherehani, kwa hiyo nilishona kwa mkono, vifungo na mapindo, na Mama Atieno alikuwa mteja wangu. Siku moja mzee aliniangalia nikipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akamuuliza mkewe, kana kwamba sipo, kama msichana huyu anaweza kuja kumzungushia koili. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzungusha waya ya shaba, nyembamba kama unywele, juu ya kipande cha chuma, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuiacha ipandane. Nilikubali kwa sababu ilifanana na kushona, na kwa sababu pale palikuwa na omena na ugali kila siku. Kama ningejua waya ile inakwenda kufanya kazi wapi, ningebaki na vifungo vyangu.

Wakati wa kula alipenda kuzungumza juu ya kazi yake ya zamani ya simu. Miaka mingi alikuwa amekaa katika kibanda cha mawe kando ya barabara ya kwenda magharibi, akitunza mashine za kurudia sauti. Alisema sauti ya mtu ikitembea kwenye waya inachoka, kama mtu aliyetoka Kawangware kwa miguu kwenda mjini bila kunywa chai. Pale kibandani sauti ilizikuta valvu, zile chupa za kioo zenye uzi unaowaka ndani. Nilidhani valvu zinaisukuma ile sauti iliyochoka iendelee, kama gari linavyosukumwa matopeni. Fundi akatikisa kichwa. Valvu zinachukua nguvu mpya ya umeme, akasema, na kuifinyanga ifanane na sauti iliyokuja.

"Yenye inatoka si ile iliingia," aliniambia. "Ile ya kwanza imekufa hapo ndani. Hii ni ingine, lakini inasema yote yenye ile ilisema."

Mama Atieno akamwambia aache kuleta habari za wafu mezani. Lakini mimi tangu siku ile nilianza kusikiliza redio kwa wasiwasi, nikijiuliza ni nani huyo anayesema. Mashine za kibandani zilipobadilishwa na za kisasa, zile kuukuu ziliuzwa kama vyuma chakavu, na yeye akachukua moja, akaileta Nairobi ndani ya magunia ya makaa. Aliihifadhi chini ya turubai katika karakana yake ya Laini Saba, Kibera, kando ya reli, ambako alitengeneza redio na zile mashine za sauti za makanisa.

Karakana ile ilinitisha tangu siku ya kwanza. Upande mmoja watu waligonga mabati kutengeneza masanduku, upande mwingine mama mmoja alikaanga samaki, na treni ilipopita valvu zote zilizopangwa kwenye rafu zililia kidogo, kila moja kwa sauti yake. Fundi aliniambia umeme wa nyumbani ni mtoto mbele ya ule ulio ndani ya mashine za valvu. Ubaya wake ni kwamba unajificha ndani ya vikopo vidogo viitwavyo kapasita na kukaa humo hata mashine ikiwa imezimwa. Ili nimwamini alizima mashine moja, akachomoa waya ukutani, akaniambia tunywe uji kwanza. Tulipokaribia kumaliza akagusa mguu wa kapasita kwa bisibisi. Ikalia pah, cheche ikaruka, ncha ya bisibisi ikawa nyeusi. Mimi nikawa nimemwaga uji uliobaki.

"Hii kitu ukizima, yeye bado ako macho," alisema. "Ndiyo maana mkono moja kwa kazi, ingine kwa mfuko. Mikono mbili, stima inapitia kwa roho."

Magauni yangu hayakuwa na mifuko. Nilirudi nyumbani nikashona mfuko kwenye kila gauni, upande wa kushoto, na Mama Atieno akanicheka akisema nimekuwa askari kanzu. Fundi hakucheka. Alinisimulia juu ya mwenzake wa kule kibandani aliyekutwa amekufa mbele ya mashine, uso wake ukiwa wa mtu aliyetaka kuuliza jambo. Kwa wiki kadhaa nililala nikiuona uso huo ambao sikuwahi kuuona.

Uchaguzi ulipokaribia, Kibera ilijaa maneno. Hukuweza kununua nyanya bila kuambiwa kwamba watu fulani wanakuja kuchoma nyumba. Nani? Wao. Lini? Karibuni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, watu waliambiana, kana kwamba methali ni shahidi mahakamani. Katika kanisa letu la mabati pale Laini Saba kulikuwa na mzee wa kanisa, Mzee Shitanda, seremala mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, ambaye hakuweza kusema neno bila kukohoa kwanza. Alikuja karakana akakohoa, akasema wanataka waya ya sauti kutoka kanisani hadi Kambi Muru, mtaa mwingine wa Kibera ambako waumini wengi walikuwa wamepanga nyumba, ili upande mmoja ukivamiwa mwingine ujue. Simu watu wa kawaida hawakuwa nazo. Fundi alijaribu kwa spika mbili na waya, na sauti ikafifia kabla ya kufika. Ndipo akaitoa mashine yake ya simu chini ya turubai, akaifuta vumbi kwa upole ambao sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Ingewekwa katikati ya njia, ipokee sauti iliyochoka na kutoa mpya, kwenda na kurudi. Kila upande ungekuwa na spika ya tarumbeta juu na mdomo wa simu wa kusemea chini yake.

Ikabaki ishara. Mzee Shitanda alisema mtu akishikwa na hofu maneno humpotea, lakini kwetu hapa hata mtoto anajua filimbi: ukisikia filimbi unatoka na ulicho nacho mkononi. Kwa hiyo ishara ikawa filimbi moja ndefu. Sote tuliona ni jambo la akili. Fundi Ouma mwenyewe aliitikia kwa kichwa, na mvua ilikuwa bado haijaanza.

Katikati ya njia, nyumba iliyokuwa na umeme wa kutegemewa ilikuwa moja tu, ya Mama Zubeda, na mimi nilikuwa mpangaji wake tangu nilipohamia Kibera ili niwe karibu na karakana. Hapa lazima nieleze. Mama Zubeda na ndugu zake walikuwa wenye nyumba, Waislamu waliozaliwa Kibera, wao na wazazi wao. Sisi wapangaji tulikuwa Wakristo tuliotoka ziwani na magharibi. Miaka mingine hayo yalikuwa mambo ya kawaida ya kodi na maji. Mwaka ule maneno "mwenye nyumba" na "mpangaji" yaligeuka kuwa majina ya timu mbili. Mama Zubeda aliposikia ombi letu aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema moto hauulizi nyumba ni ya nani, wapitishe waya zao. Nduguye, Mjomba Juma, aliyekuwa fundi wa baiskeli na mwepesi wa hasira, alikasirika waziwazi. Waya ya wapangaji inafanya nini kwa dada yake? Kule kanisani nako watu walinung'unika: mashine yetu inafanya nini kwa wenye nyumba? Mashine ikawekwa chumbani kwangu, na nikawa mtu anayetiliwa shaka na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Fundi alisema ananipa kazi hiyo kwa sababu najua kuogopa. Sikuona kama ni sifa.

Mashine haikuzimwa. Valvu huhitaji muda kupata joto kabla ya kufanya kazi, na Mzee Shitanda aliona kwamba dakika ya kungoja ndiyo dakika ya kufa mtu. Kwa hiyo mchana na usiku ilikuwa pale, juu ya meza karibu na kitanda, ikiwaka rangi ya chungwa na kunuka vumbi lililoungua. Nilihamisha kitanda hadi ukuta wa pili, na bado nililala nimeielekezea uso mashine. Zubeda, binti wa nyumba, tuliyelingana naye umri, alikuwa akija kukaa nami kwa sababu aliniona ninavyohangaika. Alileta gurusa, zile chapati zao nyembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia, tukala tumeketi sakafuni mbali na meza. Alitaka kujua kama mashine inaweza kutusikia. Nilimwambia haisikii, inarudia tu, ingawa sikuwa na hakika kama kuna tofauti.

Kulikuwa na mkono wa simu wa kupimia, wa kusikilizia na kusemea, umening'inizwa kwenye msumari ubavuni mwa mashine, na kazi yangu ilikuwa kuusikiliza mara kwa mara ili kujua kama waya inapita. Jioni moja nilipouweka sikioni nilisikia wanawake wa Kambi Muru wakiongea. Mtu alikuwa ameacha mdomo wa kusemea wazi, na wao walikuwa wakimenya viazi chini yake. Mmoja alisema, "Mimi nimefunga nguo za watoto kwa gunia. Hao watakuja Jumamosi." Nikauweka chini haraka. Nikaketi kitandani. Ukuta kati yangu na sebule ya Mama Zubeda ulikuwa wa udongo na mabati, na upande wa pili, wakati ule ule, Mjomba Juma alikuwa akimwambia dada yake kwamba awapeleke watoto kwa jamaa zao mjini. Akasema, "Hao watakuja Jumamosi."

Maneno yale yale. Nilibaki pale kitandani. Ningepaswa kufarijika, kwa sababu sasa nilijua kwamba hakuna aliyekuwa anajiandaa kwenda kwa mwenzake. Kila mmoja alikuwa anangoja kuvamiwa. Badala yake niliogopa zaidi kuliko wakati wowote. Hata leo sijui kueleza vizuri kwa nini. Nadhani mtu mwenye nia mbaya unaweza kumzuia au kumsihi, lakini mtu anayeogopa tayari ameshaona kifo chake mikononi mwako, na lolote utakalofanya ataliona kama ndicho hicho kinakuja.

Asubuhi nilimweleza Fundi Ouma. Kisha akaja nami chumbani, akafungua kifuniko cha mashine na, mkono mmoja mfukoni, akanionyesha kwamba ndani kuna njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kila moja na valvu zake. Kati yake kuna koili, hizo hizo nilizozungusha mimi, na kisanduku cha kusawazisha kinachozuia sauti ya kwenda isiingie kwenye njia ya kurudi. Akazungusha skrubu ya kisanduku kidogo. Kwenye mkono wa simu nikasikia mvumo mdogo, kisha ukapanda, ukawa mluzi mwembamba. Akarudisha skrubu haraka.

"Hii tunaita kuimba," alisema. "Hakuna mtu ameongea. Ni kanong'ono kadogo kameenda, kamerudi, mashine ikafikiri ni kitu ingine mpya, ikarudisha kubwa zaidi. Na hao watu wako ni hivyo hivyo." Akafunga kifuniko. Nilimuuliza kama inaweza kuimba yenyewe. Akasema waya ikibadilika, ndiyo, lakini waya haibadiliki bure.

Kisha mvua ikaanza, na wenyeji wa Nairobi wa rika langu wanajua ninasema mvua gani. Siku za kwanza mashine ilistahimili. Jumamosi ile, ile iliyotajwa, watu waliamka wakiwa wameshachoka kwa kungoja. Fundi Ouma alikuwa Kawangware, matope yalikuwa yamemfungia huko. Mchana mvua ilishuka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona, maji yakaingia chini ya mlango wangu, na Zubeda akaja kunisaidia kuyazuia kwa magunia. Tulikuwa tumeinama tukikamua tambara nilipousikia ule mvumo. Niliutambua kabla haujapanda. Waya zilikuwa zimelowa urefu wake wote, kisanduku hakikuweza tena kusawazisha, na mashine ikaanza kuimba. Mluzi ulitoka kwenye spika mbili kwa pamoja, kanisani na Kambi Muru, mrefu, usiokatika, juu ya sauti ya mvua. Ilikuwa ndiyo ile ishara yetu, na hakuna kinywa cha mtu kilichokuwa kimeipuliza.

Kupitia ukuta tulimsikia Mjomba Juma akisema wamekuja, na viti vikaanguka, na miguu mingi ikatoka mbio kuelekea relini. Mama Zubeda alimwita kwa jina mara nyingi, asiitike. Nje, upande wetu, nilisikia wapangaji wakitoka nao, milango ikigongwa, watoto wakilia. Wote walikuwa wanakwenda Laini Saba, kanisani, ambako mluzi ulisikika zaidi. Wenye nyumba walidhani wapangaji wanaitana ili wawapige. Wapangaji walidhani mwenzao amevamiwa. Ndani ya dakika chache wangekutana chini ya spika ile, wakiwa na vyuma mikononi.

"Zima," Zubeda aliniambia. "Rozi, zima hiyo kitu."

Nilikuwa nimeshashika swichi. Hakuna nilichokitaka zaidi duniani. Lakini nilifikiria filimbi ya Kibera: inapolia, mtu yuko hai na anaita, inapokatika ghafla, amefikiwa. "Nikizima watasema tumeuawa," nilimwambia. "Na hatutakuwa na njia ya kuwaambia." Nilijua la kufanya. Mluzi ulikuwa unazunguka njia mbili. Nikiivunja njia moja, ya kurudi kutoka Laini Saba, utakoma, na ile ya kwenda itabaki hai, na tutaweza kusema na watu walio chini ya spika. Kuivunja ni kuing'oa valvu yake ikiwa inawaka, mashine ikiwa na umeme wote tumboni, na mimi nikiwa nimesimama majini.

Nilipanda juu ya kreti la mbao la soda. Nilikausha mkono kwenye blanketi hadi ngozi ikauma. Nilimwambia Zubeda nikikwama asinishike hata nikianguka, atafute mti mkavu anisukume nao. Akakimbia jikoni, akarudi na mwiko wa ugali, akasimama nyuma yangu ameuinua kwa mikono miwili, anasoma dua yake. Mimi nilikuwa nasema Baba Yetu bila kufika popote, narudia mstari wa kwanza tu. Nilitia mkono wa kushoto mfukoni. Nikakunja leso mara kadhaa, nikafungua kifuniko, nikanyoosha mkono wa kulia katikati ya zile chupa zenye moto. Nilikuwa na hakika kwamba nitakufa. Sisemi hivyo kuipamba hadithi. Niliufikiria hata uso wangu utakavyokuwa. Nikaishika valvu, ikaniunguza kupitia leso, nikaivuta, ikakataa, nikaivuta tena ikitikisika, na ikatoka.

Mluzi ukakatika. Mvua ikasikika peke yake. Nikauchukua mkono wa simu kwenye msumari, na sauti yangu ikatoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Huyu ni Rozi. Hakuna mtu amekuja. Ni mvua imeingia kwa waya. Hakuna mtu amekuja, jameni, rudini." Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu, na hakukuweza kuwa na kitu, kwa sababu njia ya kurudi ndiyo niliyokuwa nimeing'oa. Kama walinisikia, kama walikuwa wameshaanza, kama kulikuwa na mtu ameanguka, hatukuwa na namna ya kujua. Nikampa Zubeda. Akasema, "Mjomba Juma, ni mimi Zubeda. Mama ako sawa. Niko na Rozi, tuko sawa. Rudi nyumbani." Akanitazama. Nikachukua tena, nikamtaja Mzee Shitanda, nikamtaja mwimbishaji wa kwaya, na mama muuza nyanya na wanawe. Zubeda akawataja binamu zake wote na imamu wao. Hatukuwa tumepanga. Tulipokezana, kila mmoja akiwaita watu wake kwa majina, kisha akiwaita wa mwenzake, tukisema nenda nyumbani, hakuna mtu amekuja, na kila tulipomaliza majina tulianza upya, kwa sababu kunyamaza kulitisha kuliko kusema. Nimeshawahi kuwa hospitalini nikingoja habari za mtoto, na hata huko sikupata hofu ya namna ile, ya kusema na watu wasioweza kukujibu.

Sijui tulisema kwa muda gani. Mlango ulifunguliwa, na pale mlangoni walisimama Mjomba Juma na Mzee Shitanda, pamoja, wamelowa hadi mifupani. Mjomba Juma alikuwa na panga. Mzee Shitanda alikuwa na nyundo yake ya useremala, na kola ya shati lake ilikuwa imechanika hadi kifuani.

"Zimeni," Mjomba Juma alisema. "Tumesikia."

Zubeda alikuwa katikati ya jina na hakuweza kuacha; ilibidi Mama Zubeda aingie, amnyang'anye mkono wa simu taratibu. Nikazima mashine. Mjomba Juma aliiangalia ile kola, kisha akamwambia dada yake, bila kuulizwa, "Nilikuwa nimemshika huyu. Nilikuwa nimeinua mkono. Halafu nikasikia mtoto ananiita kutoka juu." Mzee Shitanda akakohoa. Akasema na yeye alikuwa ameinua wake. Akaiweka nyundo juu ya kitanda changu kama mtu anayeweka chini kitu kisicho chake.

Kesho yake waya zilitolewa, na pande zote mbili zilikubaliana katika hilo kwa haraka. Kama tuliwaokoa watu au kama wangepoa wenyewe chini ya mvua, watu walibishana kwa miaka. Mimi sibishani. Nilichokiona mimi, siku ile ile pale chumbani kabla hawajaondoka, ni kwamba Mama Zubeda alileta birika na vikombe akamimina chai, na Mjomba Juma akajaribu kuinua kikombe kwa mkono ule aliokuwa ameuinua kule relini, na mkono ukakataa. Chai ikamwagika. Akajaribu tena, ikamwagika tena, na akaanza kuutazama mkono wake kana kwamba si wake. Mzee Shitanda akakichukua kile kikombe, akakipuliza kipoe, akamshikia mdomoni, na Mjomba Juma akanywa kidogo kidogo mpaka kikaisha. Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya kreti, valvu imefungwa ndani ya leso mkononi, miguu imesahau namna ya kushuka, mpaka Zubeda alipouweka mwiko chini, akanishika kiunoni, akaniteremsha.